Pikipiki peke yako kwenye njia za vumbi za Alpi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Alpi za magharibi, pale mkoa wa Piemonte wa Italia unapopakana na Ufaransa. Huko bado zipo barabara za zamani za kijeshi, zisizo na lami, zilizo wazi kisheria kwa pikipiki. Tumemwandikia anayekwenda bila mwenzake, na hilo ndilo linaloamua karibu kila jibu: kazi ambayo watu wawili huimaliza kwa dakika tano, mmoja huimaliza kwa saa mbili, au haimalizi kabisa.

Kwa nini Italia na Ufaransa, si Uswisi au Austria?

Sheria kwanza, historia pili. Uswisi na Austria zina lami ya milimani isiyo na kifani, lakini njia zao za vumbi, ziwe za msituni au za malisho, karibu zote zimefungwa kwa vyombo vya moto. Austria, kwa mfano, sheria ya misitu ya 1975 inataka uwe na ruhusa ya mwenye msitu kabla ya kupita na chombo cha moto.

Mpaka wa Italia na Ufaransa, kwa upande wake, ulijengewa ngome tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ngome zilitaka mizinga, mizinga ikataka barabara, na nyumbu aliyebeba mzigo haupandi mlima uliosimama wima. Ndiyo maana barabara hizi hupanda polepole, kona baada ya kona, hadi mita 2,500 na zaidi, na pikipiki ya kawaida huzimudu.

Kuwa wazi si ruhusa ya kwenda popote. Ufaransa ina sheria ya tarehe 3 Januari 1991 inayokataza vyombo vya moto kutoka nje ya barabara zilizofunguliwa kwa umma. Piemonte nayo inakataza kuacha njia na kuingia majanini. Ukiona duara jeupe lenye ukingo mwekundu, chombo chochote hakiruhusiwi. Lakini soma kibao kilicho chini yake, kwa kuwa mara nyingi hutaja siku na saa tu. Kama lugha inakupiga chenga, kitafsiri kwa simu kabla ya kuendelea.

Ni barabara zipi hasa, na kwa mpangilio gani?

Utakutana sana na maneno mawili: Colle kwa Kiitaliano na Col kwa Kifaransa. Yote yana maana ya kipito, pale barabara inapovukia mgongo wa mlima.

Anzia mji wa Susa, ulio mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo panda Colle delle Finestre (mita 2,178): lami nyembamba yenye kona nyingi kupitia msitu wa miti mirefu, kisha takriban kilomita 8 za mwisho ni changarawe iliyoshindiliwa. Ni kipimo kizuri cha siku ya kwanza. Ukifika juu mikono inatetemeka na hujaifurahia, Colle Sommeiller, kipito cha siku ya pili, hakikufai mwaka huu.

Ukishuka kidogo upande wa pili utakuta njia panda ya barabara ya Assietta, ambayo kwa namba ni SP173. Ni takriban kilomita 35 za vumbi juu ya mgongo wa mlima hadi Sestriere (mita 2,035), ukipita Colle dell'Assietta (mita 2,472), mahali ambapo jeshi la Piemonte liliwazuia Wafaransa tarehe 19 Julai 1747. Mwendo wa juu ni kilomita 30 kwa saa. Julai na Agosti barabara hii hufungwa kwa vyombo vya moto kila Jumatano na Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kumbuka vibao vyao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: 9:00 yao ni saa 3 yetu ya asubuhi, 17:00 ni saa 11 jioni.

Siku ya pili: Colle Sommeiller, kutoka Bardonecchia kupitia kijiji cha Rochemolles na bwawa lake. Hapa unafika karibu kabisa na mita 3,000, na barabara inaishia hapohapo mpakani, unarudi ulikopitia. Nusu ya chini si ngumu. Juu ya nyumba ya wapanda milima ya Scarfiotti (mita 2,165) mawe huwa makubwa kama ngumi na hayakai mahali pamoja. Alhamisi imefungwa kwa vyombo vya moto, na misimu ya karibuni kumekuwa na ada ndogo ya kupita.

Siku ya tatu ni ya lami: Montgenèvre hadi Briançon, kisha Col d'Izoard (mita 2,360), Guillestre na Embrun. Usiidharau siku hii. Mwili unapumzika, nawe unapata nafasi ya kukaza nati.

Siku ya nne panda kutoka Crévoux hadi handaki la Parpaillon, juu ya mita 2,600. Jeshi la Ufaransa lilimaliza kulichimba mwaka 1901. Shuka La Condamine-Châtelard, ingia tena Italia kwa Col de Larche, ambacho Waitaliano hukiita Colle della Maddalena, ukalale karibu na Limone Piemonte.

Siku ya tano ni Via del Sale, Barabara ya Chumvi: karibu kilomita 39 za mawe kutoka juu ya Limone hadi Monesi. Inalipiwa, idadi ya vyombo kwa siku ina kikomo, na Jumanne na Alhamisi ni za waenda kwa miguu na baiskeli tu. Nunua nafasi mapema mtandaoni.

Siku za kufunga hupangwa upya kila msimu na halmashauri husika. Jioni ya kuamkia safari, fungua tovuti ya halmashauri ya eneo na usome tangazo lenyewe.

Handaki la Parpaillon ni la hatari kweli?

Kwa aliye peke yake, ndilo eneo linalotaka akili zaidi kuliko yote yaliyotajwa hapa. Lina urefu wa karibu nusu kilomita, halina taa, na mlangoni kuna mageti ya chuma. Hadi mwanzoni mwa Julai, na miaka mingine zaidi, ndani kuna barafu sakafuni. Ikiyeyuka inaacha madimbwi yanayoficha mashimo.

Zima pikipiki nje. Vua miwani ya jua. Chukua tochi, tembea kwa miguu hadi uone upande wa pili, ukijaribu sakafu kwa kisigino. Barafu iliyokauka ina weupe mzito na buti hushika kidogo. Barafu yenye maji juu ni nyeusi, inang'aa, na haishiki chochote. Ukikuta ya pili kwa zaidi ya urefu wa pikipiki mbili, geuka. Ukiamua kupita: gia ya kwanza, umekaa kitako, miguu yote miwili ikigusa chini, breki ya mbele isiguswe hata kidogo, na usiongeze mafuta ghafla.

Mwezi gani unafaa?

Kati ya wiki ya mwisho ya Agosti na katikati ya Septemba. Theluji ya Sommeiller huwa imeondoka (Julai mara nyingi bado imeziba kona za juu), siku za kufunga za Assietta zimekwisha ukisubiri Septemba, na radi za mchana zimepungua. Juni ni mapema mno kwa vipito vya juu. Oktoba theluji mpya inaweza kuanguka usiku mmoja na kukukuta upande usio wako.

Pikipiki ya aina gani?

Nyepesi. Swali la kujiuliza si kama ina nguvu ya kupanda, maana hata ya cc 250 inapanda barabara zote hizi. Swali ni: ikilala kwenye mteremko, na mizigo juu yake, naweza kuinua peke yangu mara tatu kwa siku moja?

Honda CRF300L ina uzito wa kilo 142 hivi na mtu mwenye mwili wa kawaida huinua bila kuvua mizigo. Tangi lake la lita 7.8 linataka hesabu ya mafuta, na kwenye barabara kuu inachosha. Yamaha Ténéré 700 ina kilo 204 hivi, tangi la lita 16, rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma. Kwa safari hii ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye uzoefu wa vumbi. Zile kubwa za cc 1,200 na zaidi, zenye kilo 250 kabla ya mizigo, zinapita Assietta kila siku, lakini wenye nazo wanaposafiri vizuri huwa wawili au zaidi.

Mizigo iwe kwenye mifuko laini, kilo 15 hadi 20 jumla, nzito ikae chini na mbele. Masanduku ya chuma yanavunja miguu: mguu ukiteleza kwenye changarawe, sanduku linakuja nyuma yake.

Upepo wa tairi niuweke kiasi gani?

Kwenye lami fuata kitabu cha pikipiki. Ukianza vumbi, kwa pikipiki ya kilo 200 yenye mizigo shusha hadi bar 1.8 mbele (psi 26) na bar 2.0 nyuma (psi 29). Kwa nyepesi, bar 1.5 mbele (psi 22) na 1.7 nyuma (psi 25). Upepo ukiwa mwingi tairi linadunda juu ya mawe na kupoteza mshiko. Ukiwa mdogo mno, jiwe linabana tyubu dhidi ya rimu na kuipasua sehemu mbili zinazotazamana, kama umeumwa na nyoka.

Kosa la kawaida ni kusahau kurudisha upepo kabla ya lami. Tairi laini kwenye kona kali ya lami linayumba, na likipata joto linaharibika ndani.

Kwa tairi lenye tyubu, angalia valvu kila asubuhi. Ikiwa imelala upande badala ya kusimama wima, tairi limeteleza juu ya rimu na linavuta tyubu. Toa upepo, rudisha tairi mahali pake, jaza tena. Ukiacha, valvu itang'oka, na hapo hakuna kiraka kitakachosaidia.

Nibebe vifaa gani?

Vile unavyojua kuvitumia. Orodha fupi ya kufaa: vyuma vitatu vya kung'olea tairi, tyubu moja ya inchi 21 (kwa dharura inaingia hata kwenye gurudumu la nyuma la inchi 18; kinyume chake haiwezekani), viraka na gundi, pampu ndogo ya betri na ya mkono, spana za nati za magurudumu zote mbili, bisibisi, mkono wa klachi na wa breki wa akiba, kiungo cha cheni, fyuzi, waya, vifungo vya plastiki, na gundi ya chuma ya sehemu mbili ya kuziba injini ikitobolewa na jiwe. Kamba imara ya mita 5. Na bamba la kukinga injini liwe la chuma au alumini, si plastiki.

Legeza kidogo vishikizo vya mikono ya klachi na breki kwenye usukani, viweze kuzunguka vikipigwa. Mkono uliokazwa sana hukatika. Uliolegea huzunguka, unaurudisha na kuendelea.

Nikipata pancha juu ya mlima, hatua ni zipi?

Kama matairi ni tyubulesi, toa msumari, sokota kamba ya kuzibia, jaza upepo, dakika kumi. Ya tyubu ndiyo kazi.

Tafuta sehemu tambarare, nje ya kona. Kama huna stendi ya kati, tegemeza pikipiki kwa stendi ya pembeni na jiwe au fimbo imara upande wa pili, kisha funga breki ya mbele kwa mkanda ili isisogee. Legeza nati ya gurudumu kabla ya kuinua, si baada. Toa gurudumu, toa upepo wote, kanyaga ukingo wa tairi kwa magoti pande zote hadi uachane na rimu. Sukuma ukingo huo uingie kwenye bonde la katikati ya rimu upande ulio mkabala na vyuma vyako. Asiyefanya hivi ndiye anayetumia nguvu nyingi na kukata tyubu mpya kwa chuma.

Weka tyubu mpya. Kiraka utabandika jioni, mezani. Kabla ya kuingiza, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote: mwiba au kipande cha jiwe kilichobaki kitatoboa tyubu ya pili baada ya kilomita moja, nawe huna ya tatu. Ipe tyubu upepo kidogo iwe na umbo, malizia kuingiza tairi karibu na valvu, jaza.

Imeanguka na siwezi kuinua. Nifanyeje?

Kwanza zima injini, kisha kaa chini dakika mbili. Wengi huumia mgongo kwa kuinua wakati moyo bado unadunda.

Ingiza gia ili gurudumu lisizunguke. Kama imelala upande wa kulia, fungua stendi ya pembeni kabla ya kuinua. Zungusha usukani hadi mwisho kuelekea chini. Ipe pikipiki mgongo, chuchumaa, mkono mmoja kwenye ncha ya usukani iliyo chini, mwingine kwenye chuma cha nyuma ya kiti, halafu tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Nguvu itoke mapajani, mgongo ubaki umenyooka.

Kama magurudumu yako juu ya mteremko na usukani uko chini, usijaribu. Vua mizigo, shika upande wa nyuma, uizungushe ikiwa imelala hadi magurudumu yaelekee bondeni. Hapo mteremko wenyewe unakusaidia. Ikishasimama, subiri kidogo kabla ya kuwasha, na angalia mafuta na oili vilivyomwagika.

Na kama ulianguka mara mbili ndani ya nusu saa, siku hiyo imekwisha. Geuka. Kuanguka kwa tatu ndiko huwakuta watu wamechoka, na ndiko huvunja kifundo cha mguu.

Kwa nini breki zinalegea ninaposhuka?

Joto. Kushuka kutoka Finestre hadi Susa ni zaidi ya mita 1,600 kwenda chini. Ukiburuta breki ya nyuma njia nzima, maji yake yanachemka, yanatoa mapovu, na kikanyagio kinazama. Maji ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka na hivyo huchemka mapema, kwa hiyo badilisha kabla ya safari. Shuka kwa gia ya kwanza au ya pili, acha injini izuie, tumia breki kwa vipindi vifupi.

Kwenye mawe yaliyolegea, ABS ya nyuma (mfumo unaozuia gurudumu lisikwame ukifunga breki) huachia gurudumu kila linapoteleza, na pikipiki inaonekana kama haitaki kusimama. Ikiwa yako inaruhusu, zima ABS ya nyuma. Ya mbele iache.

Injini kupoteza nguvu juu ni kawaida?

Ndiyo. Kwenye mita 2,500 hewa ni karibu robo tatu tu ya ile ya pwani. Injini zinazopuliza petroli kwa sindano za umeme hujirekebisha na kupoteza nguvu tu. Zenye kabureta huongeza moshi mweusi na plagi huchafuka. Wewe mwenyewe pia utahema ukiinua pikipiki, kunywa maji.

Nivaeje, na radi?

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000. Susa ikiwa nyuzi 30, juu kabisa ya Assietta tarajia 18, na upepo wa mwendo huongeza baridi. Vaa kwa tabaka na koti la mvua liwe juu ya mifuko, si chini yake.

Radi za Julai na Agosti hujengeka kuanzia saa 7 au 8 mchana. Panga kuwa umeshuka kutoka kwenye mgongo wa mlima kabla ya saa 7. Assietta haina mahali pa kujificha: ukisikia ngurumo kabla ya nusu ya njia, rudi, usiwafuate waliokupita.

Mafuta nitapata wapi, na nitajuaje nisiweke dizeli?

Susa, Bardonecchia, Sestriere, Briançon, Embrun. Jaza kila unapopita. Tahadhari na majina: Kiitaliano "gasolio" na Kifaransa "gazole" ni dizeli, ingawa yanasikika kama petroli. Tazama alama ya umbo iliyo kwenye pampu: duara lenye E5 au E10 ni petroli, mraba wenye B7 ni dizeli. Pampu za kujihudumia Italia huzuia kwa muda kiasi kikubwa kwenye kadi kabla ya kuweka mafuta. Kadi yenye euro 30 tu inaweza kukataliwa.

Nikiumia, nani atajua?

Hakuna, kama hukumwambia mtu. Kila asubuhi mwachie mwenye nyumba ya wageni au ndugu yako ujumbe wenye mambo matatu: njia, saa ya mwisho ya kurudi, na cha kufanya saa hiyo ikipita. Jumbe za "niko sawa" zisizo na saa hazisaidii.

Namba ya dharura ni 112, nchi zote mbili, bila malipo, na hupatikana kupitia mtandao wowote uliopo. Mabondeni kuna maeneo mengi yasiyo na mtandao kabisa, hivyo kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni cha lazima kwa msafiri mmoja. Kikae mwilini, si kwenye pikipiki, maana mnaweza kuachana korongoni. Helikopta ikija, inua mikono yote miwili kuunda Y: nahitaji msaada. Mkono mmoja juu, mwingine chini: sihitaji.

Natoka Kenya au Tanzania. Nahitaji nini?

Viza ya Schengen, inayoombwa kwenye ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ukomo ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: nyingi haziwahusu waendesha pikipiki kubwa, wala uokoaji wa milimani. Leseni yako iwe na daraja la pikipiki, pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva.

Kusafirisha pikipiki kutoka nyumbani kwa safari ya wiki moja hakulipi. Kodi Torino au Milano. Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi kama barabara zisizo na lami zinaruhusiwa: mikataba mingi inazikataza, na bima huanguka papo hapo. Piga picha kila mkwaruzo mbele ya mwenye duka.

Ng'ombe na mbwa?

Ng'ombe wa Assietta hulala barabarani. Simama, subiri, pita taratibu. Honi huwafanya wageuke kukukabili. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako.

Mbwa wakubwa weupe ni jambo jingine. Wanalinda kondoo dhidi ya mbwamwitu waliorejea Alpi, na hawamngojei mchungaji. Punguza mwendo hadi wa mtu anayetembea, usipite katikati ya kundi, usipige kelele. Wakikuzingira, zima injini, baki juu ya pikipiki, waache wanuse. Wakishajua wewe si mbwamwitu, hurudi kwa kondoo wao.

Jioni nifanye nini kabla ya kulala?

Wakati injini bado ina joto la wastani, paka cheni oili. Gusa kila spoku kwa spana: iliyokaza inatoa mlio mkali, iliyolegea inatoa mlio butu. Kaza nati za vioo, za bamba la injini na za fremu ya mizigo, maana mtikisiko wa Assietta hulegeza zote. Bandika kiraka kwenye tyubu ya mchana, ijaze upepo, izamishe kwenye sinki, utazame kama kuna mapovu.